Sheikh Abdalla Bakathir na Subira ya Mwanafunzi

Kwa jina la Mwenyiezi Mungu, Mwingi wa rehema. Himdi zote ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu Muislamu, mtu wa pwani aingiapo nchi za bara, kama vile Musoma, Bunda au Butiama, kwa biashara au kwa kazi, mara nyingi humfika jambo asilolitaka. Watu wamwona kanzu yake na kofia yake, wamsikia akisoma Qur'ani, basi wamwita mwalimu. Leo aulizwa mas-ala ya talaka, kesho ya mirathi, kesho kutwa ya rehani. Naye chuoni alisoma juzuu chache na nusu ya Safina. Akisema hajui, aona haya. Akisema ajua, mke wa watu atatolewa nyumbani pasi na haki, na yatima atanyimwa fungu lake. Wala maradhi haya hayako bara peke yake. Huku kwetu pwani pia yamejaa. Dawa yake imo katika maisha ya mzee wetu mmoja, na hayo ndiyo tutakayoyasimulia hapa.

Mzee huyo ni Sheikh Abdalla bin Muhammad Bakathir, Mola amrehemu. Alizaliwa Lamu mwaka 1276 Hijra, yaani karibu na mwaka 1860, katika kabila ya Bakathir, ambayo asili yake ni Hadharamaut. Alisoma kwao Lamu kwa maulama wa mji, na miongoni mwao ni Sayyid Abubakar bin Abdulrahman, ajulikanaye kwa jina la Sayyid Mansab. Kisha alisafiri kwenda Makka, akasoma kwa Sayyid Abubakar Shatta, mtungaji wa I'anat al-Talibin, kitabu kinachosomwa mpaka leo katika darsa za fiqhi ya Imamu Shafii. Mwenye kusoma kwa mwanachuoni kama huyo, watu wengi wangalimwona amekwisha hitimu, na yeye mwenyewe angaliweza kujiona hivyo.

Lakini alipokaa Unguja alimkuta Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumait. Sayyid Ahmad alizaliwa Ngazija mwaka 1277, basi kwa umri alikuwa nyuma ya Sheikh Abdalla. Na Sayyid Ahmad naye alikuwa na habari yake. Alipata ukadhi wa Unguja katika zama za Sayyid Barghash, naye yu kijana bado, umri wake haujafika miaka thalathini. Kisha akakiacha kiti hicho, akasafiri Istanbul na Misri na Makka, akakaa tena mbele ya maulama kama mwanafunzi. Aliporejea Unguja mwaka 1888 alirudia ukadhi, na ilimu yake ilikuwa imezidi kuliko ile aliyoondoka nayo.

Sheikh Abdalla akamfanya huyo kuwa mwalimu wake. Hapa, ndugu msomaji, tusimame kidogo, kwani jambo hili ni zito kulifanya japokuwa ni jepesi kulisema. Kumwamkia mzee mwenye mvi na kukaa mbele yake si taabu kwa nafsi. Taabu ni kukaa mbele ya mtu wa rika lako, aliyezaliwa nyuma yako, na hali wewe una wanafunzi wako wanaokutazama. Nafsi husema mengi wakati huo. Sheikh Abdalla hakuifuata nafsi yake. Alikaa, akafungua kitabu, akasoma.

Mwaka 1314 Hijra, ulioingiana na 1896 na 1897, alisafiri Hadharamaut kwa uongozi wa Sayyid Ahmad, ili akutane na maulama wa huko. Umri wake ulikuwa umepita miaka thalathini na mitano. Alizunguka miji ya bonde lile, akasoma kwa masharifu, akapokea ijaza zao. Habari za safari hiyo aliziandika kwa Kiarabu katika kitabu alichokiita Rihlat al-Ashwaq al-Qawiyya. Aliondoka Unguja mwalimu, akawa kule mwanafunzi, wala hakuona kuwa amepungukiwa na kitu.

Je, heshima yake ilishuka? La, ilizidi. Madrasa yake ya Ukutani, katika mji wa Unguja, ilijaa watu kutoka pande zote za pwani. Sayyid Umar, mwana wa Sayyid Ahmad mwenyewe, alisoma kwake. Mwalimu alimkabidhi mwanafunzi wake mtoto wake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, naye alisoma Unguja kwa wawili hao. Na Waislamu wa Cape Town walipohitilafiana, karibu na mwanzo wa Vita Vikuu vya 1914, aliyekwenda huko kuwasuluhisha ni Sheikh Abdalla. Walikubali neno lake kwa sababu lilikuwa na ilimu nyuma yake.

Wote wawili, mwalimu na mwanafunzi, waliaga dunia mwaka mmoja, 1343 Hijra, sawa na 1925. Madrasa ya Ukutani aliishika mwanawe, Sheikh Abubakar.

Basi zingatia, ndugu yangu. Kisa cha Nabii Musa na Khidhr twakisoma kila Ijumaa katika Suratul Kahf. Nabii mwenye kitabu alifunga safari kumtafuta mja aliyefunzwa asilolijua yeye, na akashindwa kusubiri mara tatu. Ikiwa subira ilikuwa nzito kwake, sisi tusidhani kuwa kwetu itakuwa nyepesi. Wala kuijua mipaka ya ilimu yako si kuambiwa ukae hapo ulipo. Asiyejua mpaka wa shamba lake hulima la mwenziwe, na lake likaota magugu. Aujuaye hulima lake mwaka hata mwaka, na akitaka kulizidisha, ajua pa kuanzia.

Ewe uliye Musoma, ukiulizwa usilolijua, sema hujui, kisha andika suali ulipeleke kwa mwanachuoni, na jibu likija ulisome mbele ya watu. Muulizaji atangoja siku chache, na yatima atapata haki yake. Nawe utakuwa umejifunza mas-ala moja. Na ewe uliye pwani karibu na darsa, usiache kuhudhuria kwa kuwa msomeshaji ni mdogo wako au mlicheza pamoja utotoni. Sheikh Abdalla alikuwa na udhuru huo, akautupa.

Mwenyiezi Mungu awarehemu wazee wetu hao, atupe subira ya kutafuta na haya ya kutosema tusiyoyajua. Amin.