Profesa Hubert Kairuki: Jina lililotoka chumba cha upasuaji hadi Zegereni

KATIKA eneo la viwanda la Zegereni, Kibaha mkoani Pwani, kipo kiwanda cha kutengeneza maji ya dripu, yale yanayoning'inizwa kando ya kitanda cha mgonjwa kabla ya upasuaji, wakati wa upasuaji na baada yake. Kinaitwa Kairuki Pharmaceuticals Industry. Mwenye jina hilo hakubahatika kukiona. Profesa Hubert Kairuki alifariki dunia Februari 6, 1999, miaka mingi kabla ya kiwanda hicho kujengwa.

Marehemu Profesa Kairuki alizaliwa mwaka 1940, katika mkoa ambao leo unaitwa Kagera. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 alikuwa kijana wa miaka 21, na madaktari wazalendo walikuwa wachache mno. Aliyetaka udaktari alilazimika kwenda Makerere au ng'ambo, kwani chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1963.

Kairuki alichagua udaktari, na ndani ya udaktari akabobea katika magonjwa ya wanawake na uzazi. Hiyo ni fani isiyompa daktari nafasi ya kusitasita. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua huweza kufa katika muda mfupi, na uchungu uliokwama huhatarisha maisha mawili kwa pamoja. Katika saa kama hizo, mgonjwa hutegemea mkono wa daktari uliotulia na vifaa vilivyo karibu.

Vifaa ndivyo vilivyokuwa haba. Miaka ya 1980 uchumi wa Tanzania ulikuwa umedorora, dawa zikiadimika na hospitali za Serikali zikielemewa na wagonjwa. Isitoshe, sheria ya mwaka 1977 ilikuwa imepiga marufuku hospitali za binafsi za biashara, na nafasi iliyobaki ilikuwa ya mashirika yaliyoidhinishwa, hasa ya dini.

Ni katika mazingira hayo, mwaka 1987, Kairuki na mkewe walipoanzisha hospitali jijini Dar es Salaam iliyojulikana kwa jina la Mission Mikocheni. Marekebisho ya sheria yaliyofungua tena milango kwa madaktari binafsi yalikuja mwaka 1991, hospitali hiyo ikiwa tayari na miaka minne. Baadaye ilipewa jina la mwanzilishi wake.

Hata hivyo, hospitali peke yake haikumtosheleza. Daktari mmoja, awe hodari kiasi gani, huhudumia wagonjwa wanaoweza kupita mikononi mwake tu, lakini anayefundisha wengine huacha mikono mingi nyuma yake. Marekebisho ya sheria ya elimu ya mwaka 1995 yaliporuhusu vyuo vikuu binafsi, Profesa Kairuki hakuchelewa. Mwaka 1997 kilianza chuo kikuu cha sayansi za afya hapo hapo Mikocheni.

Aliishi kukiona kwa takriban miaka miwili tu. Baada ya kifo chake kikaitwa Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki, na mwaka 2000 kikawa chuo kikuu binafsi cha kwanza nchini kupata ithibati kamili.

Katika miaka hiyo hiyo ya utumishi wake, fani yake ilikuwa ikibadilika duniani. Mwaka 1980, huko Kiel, Ujerumani, daktari wa magonjwa ya wanawake, Kurt Semm, aliondoa kidole tumbo kwa kupitia matundu madogo badala ya kupasua tumbo. Wapasuaji wengi wa nchini mwake walimshutumu, lakini baadaye njia hiyo ilienea kote.

Matundu madogo yalipunguza maumivu na siku za kulazwa, lakini yalileta tatizo jipya. Kifaa ni kirefu na hupita katika tundu jembamba, hivyo mkono ukienda kulia, ncha yake huenda kushoto, na mtetemo mdogo wa vidole huonekana mkubwa kwenye skrini. Msaidizi aliyeshika kamera kwa saa nzima huchoka, na picha hucheza.

Ndipo mashine zikaanza kupewa kazi ya kutuliza vifaa. Mwaka 1994 mamlaka za Marekani ziliidhinisha AESOP, mkono wa roboti wa kushikilia kamera bila kutikisika. Mwaka 2000, mwaka mmoja baada ya Kairuki kufariki, iliidhinishwa da Vinci, ambayo kompyuta yake huchuja mtetemo wa vidole vya daktari kabla haujafika kwenye ncha ya kifaa.

Hospitali inayobeba jina lake nayo imepiga hatua katika mwelekeo huo. Imeanza kutibu uvimbe wa kizazi, fibroidi, kwa HIFU, mashine inayokusanya mawimbi ya sauti katika nukta moja ndani ya mwili na kuunguza uvimbe bila kukata ngozi. Hapo pia kila kitu hutegemea utulivu: mgonjwa anapumua na tumbo linasogea, kwa hiyo picha hufuatiliwa wakati wote ili joto lisitue pasipostahili. Kwa mwanamke anayetamani kuzaa, kubaki na kizazi chake si jambo dogo.

Lakini mashine iliyotulia haimwokoi mgonjwa peke yake. Inahitaji mtaalamu aliyefundishwa, muuguzi aliye macho, na chupa ya dripu. Dripu ni maji yenye chumvi au sukari, lakini lazima yawe safi kabisa, yasiyo na kijidudu hata kimoja. Yakikosekana, upasuaji huahirishwa, uwe wa tumbo wazi au wa matundu madogo. Na nchi inayoyaagiza kutoka nje, mzigo mzito wa bei nafuu unaosafirishwa kwa gharama kubwa, hubaki ikitegemea meli za watu wengine.

Hapo ndipo Zegereni inapokutana na maisha ya daktari huyu. Aliwajengea wagonjwa mahali pa kutibiwa na vijana mahali pa kusomea. Waliomfuata wameongeza maji ya dripu, yanayotengenezwa Kibaha kwa jina lake.