MAISHA YA WILHELM HOFMEISTER, MUUZA VITABU ALIYEJUA SIRI YA FUJERI



Sisi wa darasa la sita tunakaribia mtihani wa Serikali, na wengi wetu tunaulizana: mtu akikosa feza ya universite, basi elimu yake imekufa? Ndiyo sababu tunawaletea maisha ya bwana huyu.

Alizaliwa Leipzig, Ujerumani, tarehe 18 mwezi wa tano mwaka 1824. Baba yake alikuwa anauza vitabu na karatasi za muziki. Wilhelm aliacha masomo na miaka 15, akaenda Hamburg kujifunza kazi ya duka, kisha akarudi kumsaidia baba. Universite hakusoma hata siku moja. Tena macho yake hayakuona mbali. Lakini saa kumi ya usiku alikuwa ameamka, anatumika na mikroskopi mpaka saa kumi na mbili, ndipo anaenda dukani.

Mwaka 1851, mbele ya kutimiza miaka 30, alitoa kitabu kikubwa. Alionyesha kwamba fujeri iko na maisha mawili. Lile vumbi la chini ya jani, ndilo spora, linaota kajani kadogo mfano wa moyo. Humo mbegu ya kiume inaogelea ndani ya maji mpaka kwa yai, na fujeri kubwa inazaliwa. Mwaka ule ule universite ya Rostock ilimpa udaktari wa heshima. Mwaka 1863 akawa profesa Heidelberg, na 1872 Tübingen. Alifiwa na mke na watoto kadhaa, ugonjwa ukamshika, akafa tarehe 12 mwezi wa kwanza mwaka 1877.

Waliomfuata walipima namna gani spora inaamka. Nyingi zinalala gizani. Mwanga mwekundu unaziamsha. Lakini mwanga peke yake hautoshi. Baridi ikizidi, ao joto likizidi, mwanga ule ule hauziamshi vizuri. Kila aina iko na kipimo chake cha joto.

Ndugu, na sisi ni vile. Mwalimu analeta mwanga, lakini moyo wa baridi hauoti kitu. Duka halikumzuiza Hofmeister kusoma. Basi wewe uliyefunga daftari kwa sababu ya feza, ulifungue tena kesho, saa kumi.