Benedicto Kiwanuka: mkalimani aliyekuwa Jaji Mkuu

Tangu mwaka 2018, mwezi wa Septemba, mahakama za Uganda humkumbuka Benedicto Kiwanuka kwa mhadhara wenye jina lake. Majaji na maavoka hukutana Kampala kusikiliza habari za sheria na uhuru wa mahakama. Kati ya siku aliyochukuliwa na mhadhara wa kwanza ilipita miaka 46. Wanaosimulia maisha yake huanza na siasa, wakaishia na kifo. Mimi nitaanza na kazi yake ya kwanza mahakamani, ambayo watu wa lugha wanayo sababu ya kuitazama kwa karibu.

Alizaliwa tarehe 8 Mei 1922 huko Kisabwa, upande wa Buddu, katika ufalme wa Buganda, kwenye familia ya Kikatoliki. Wakati wa vita vya pili vya dunia aliingia jeshi la Waingereza, akatumika humo kuanzia 1942 hadi 1946. Aliporudi, Mahakama Kuu ilimwajiri kama karani na mkalimani, akabaki hapo hadi 1950.

Katika mahakama ya koloni, jaji alikuwa Mwingereza na lugha ya kesi ilikuwa Kiingereza. Mshtakiwa alisema Kiganda, au lugha nyingine ya kwao, au Kiswahili cha kambi za askari na masoko. Mkalimani alisimama katikati. Kilichoingia kwenye kumbukumbu za kesi hakikuwa maneno ya shahidi. Kilikuwa Kiingereza cha mkalimani. Jaji wa rufaa, ambaye hakumwona shahidi wala kusikia sauti yake, aliamua kwa kusoma Kiingereza hicho. Mtu angeweza kunyongwa au kuachiliwa kwa sababu ya namna kitenzi kimoja kilivyovushwa kutoka lugha moja hadi nyingine, na jina la aliyekivusha lisionekane katika hukumu.

Anayetoka Luvungi anaielewa kazi hii bila kuelezwa sana. Katika bonde lote la Ruzizi, mtu mwenye kesi ya shamba anaweza kusema Kifuliiru, jirani yake Kirundi au Kinyarwanda, wakasikilizana kwa Kiswahili chetu. Kesi ikifika mbele ya tribinali ya serikali, karatasi zinaandikwa kwa Kifaransa. Chukua sentensi ndogo tu: alinipa shamba. Kwetu inaweza kuwa amenipa liwe langu na watoto wangu, au amenipa nilime msimu huu halafu nimrudishie. Msemaji na jirani yake wanajua ni ipi. Karani akiandika kwa Kifaransa lazima achague: ni zawadi au ni azimo. Akishachagua, kesi imeelekea upande mmoja kabla jaji hajafungua kinywa. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 18, inataka kila aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa. Ni kifungu kizuri. Kinamtegemea mkalimani, mtu ambaye hakuna anayemtafuta siku ya kugawa heshima.

Miaka minne Kiwanuka alisimama mahali hapo. Alisikia namna sheria ya wakubwa inavyomfikia mtu wa kijijini, na namna neno la mtu wa kijijini linavyomfikia mkubwa. Halafu akaamua kwenda kuisomea sheria yenyewe. Alianza na chuo cha Kikatoliki cha Pius XII huko Roma, katika Basutoland, nchi ambayo leo ni Lesotho. Mwaka 1952 akaenda London, akasoma sheria huko na kupokelewa kuwa wakili kupitia Gray's Inn mwaka 1956. Alirudi Kampala akafungua ofisi yake. Alikuwa na miaka 34.

Uwakili wa kujitegemea haukudumu. Mwaka 1958 alichaguliwa kuongoza Democratic Party, chama kilichokuwa na nguvu hasa kwa Wakatoliki, ambao katika Buganda walikuwa wamewekwa pembeni katika ugawaji wa vyeo. Katika uchaguzi wa Machi 1961, watawala wa Buganda waliwataka watu wao wasipige kura. Kiwanuka alikataa agizo hilo. Wachache waliojitokeza walikipa chama chake karibu viti vyote vya Buganda, na kwa viti hivyo kikashinda nchi nzima. Akawa kiongozi wa serikali ya ndani, na tarehe 1 Machi 1962 akawa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda.

Ushindi wa namna ile haukuwa na mizizi. Kwa Waganda wengi alionekana mtu wa kawaida aliyethubutu kujiweka mbele ya Kabaka, mfalme wao, na hawakumsamehe. Kabla ya uchaguzi wa Aprili 1962, chama cha Milton Obote kilipatana na wafuasi wa Kabaka. Kiwanuka akashindwa, na uhuru ulipofika tarehe 9 Oktoba aliyeupokea alikuwa Obote. Kwa maoni yangu Kiwanuka hakuwa mwanasiasa hodari. Alikuwa mgumu wa kupinda pale ambapo siasa ilitaka mtu wa kupatana. Ugumu huohuo, ukihamishiwa kwenye kiti cha jaji, ni jambo jingine kabisa.

Miaka iliyofuata alikuwa mpinzani wa serikali, na mwaka 1969 serikali ya Obote ikamfunga. Alitoka Januari 1971, baada ya Idi Amin kupindua serikali na kuwafungua wafungwa wa kisiasa. Mwaka huohuo Amin akamteua kuwa Jaji Mkuu, raia wa kwanza wa Uganda kukalia kiti hicho.

Hapa wapo wanaomlaumu. Wanauliza: mwanasheria aliyeijua katiba alikubalije cheo kutoka kwa askari aliyeipindua? Swali hilo lina haki ya kuulizwa, na sipendi maandishi ya sifa yanayoliruka. Inawezekana shukrani kwa aliyemfungulia gereza ilikuwamo. Lakini mwaka 1971 watu wengi wa Kampala walimshangilia Amin, na kiti cha Jaji Mkuu kingekaliwa na mtu kwa vyovyote. Raia aliyekamatwa bila sababu angekwenda kwa jaji gani, kama wanasheria wote wenye msimamo wangebaki majumbani kwao wakilinda usafi wa majina yao? Jibu la Kiwanuka lilionekana katika kazi yake, na lilionekana mapema.

Agosti 1972 Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Katikati ya Septemba wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania wakitaka kumwangusha, wakashindwa. Nchi ilijaa hofu na askari walikamata watu hovyo. Mmoja wa waliokamatwa alikuwa mfanyabiashara Mwingereza. Maavoka wake waliomba mahakama itoe amri inayoitwa habeas corpus. Kwa Kilatini maneno hayo yanamwelekea anayemshikilia mtu, yakimwagiza awe na mwili, yaani amlete mfungwa mwenyewe, akiwa hai, mbele ya jaji, na aeleze ni sheria gani inayomruhusu kumshikilia. Kiwanuka aliisikiliza kesi. Aliamua kwamba askari hawakuwa na uwezo wa kisheria wa kumkamata na kumzuia mtu yule, na kwamba aachiliwe.

Hukumu haikumtukana raisi wala haikuhubiri siasa. Ilijibu swali moja dogo: neno la sheria linampa nani ruhusa ya kukamata? Sitasema kwamba mkalimani wa 1946 ndiye aliyeandika hukumu ya 1972, kwa maana kati yao kuna London, siasa na gereza. Ila ninatambua ndani yake tabia ya mtu aliyezoea kazi ambayo hairuhusu kuongeza neno lisilosemwa. Sheria haikusema askari wanaweza, basi hawawezi.

Asubuhi ya tarehe 21 Septemba 1972, watu wa serikali waliovaa kiraia waliingia Mahakama Kuu, wakamtoa Jaji Mkuu ofisini mwake mchana kweupe, wakamtia ndani ya gari. Makarani waliona, maavoka waliona. Serikali ikakana kuhusika. Inaaminika aliuawa kabla ya mwezi kwisha, mikononi mwa jeshi. Alikuwa na miaka 50. Mwili wake haukupatikana, na familia haikuwa na cha kuzika. Hakukuwa tena na Jaji Mkuu wa kuandikia amri ya kumleta.

Tusiione habari hii kuwa ya Waganda peke yao. Mwaka uliofuata Amin na Mobutu waligawana hata majina ya maziwa ya mpakani: Ziwa Edward likaitwa Idi Amin, Ziwa Albert likaitwa Mobutu Sese Seko. (Wanaosoma majina ya mahali katika kitivo chetu wana mfano mzuri hapo wa jina lililoandikwa kwenye ramani likakataa kushika vinywani mwa watu.) Na sisi tulikuwa na Marcel Lihau, mmoja wa Wakongo wa kwanza kusomea sheria chuo kikuu, mmoja wa walioandaa katiba ya Luluabourg ya 1964, kisha raisi wa kwanza wa Mahakama Kuu ya Haki kuanzia 1968. Mwaka 1975 alikataa kutekeleza adhabu kali juu ya wanafunzi walioandamana, na Mobutu akamwondoa. Lihau hakuuawa, alifariki Marekani mwaka 1999. Uliza darasani nani anamjua, uhesabu mikono.

Mhadhara wa Kampala unatolewa kwa Kiingereza, ambacho bado ni lugha ya Mahakama Kuu ya Uganda. Siku nyingine za mwaka, katika mahakama hiyohiyo, mtu asiyejua Kiingereza anasimama mbele ya jaji na pembeni yake yupo mkalimani, akisubiri amalize sentensi ili aivushe.