Sayyid Abdulrahman Al-Kawakibi: Tabibu wa Umma Uliolala

Katika watu ambao Mwenyezi Mungu aliwapa ulimi wa kusema kweli na moyo wa kustahamili taabu zake, mmoja ni Sayyid Abdulrahman bin Ahmad Al-Kawakibi wa Halab, katika nchi ya Sham. Umri wake haukuwa mrefu, lakini khabari zake zina mazingatio makubwa, na khasa kwa yule anayedhani kuwa kunyamaza ndiyo salama.

Alizaliwa mwaka 1855 katika nyumba ya ilimu. Mama yake alifariki naye angali mdogo, akalelewa na ndugu wa mama yake katika mji wa Antakia. Kisha akarejea Halab akasoma katika madrasa ya ukoo wake, ambayo baba yake alikuwa akisomesha. Nchi ile zama zile ilikuwa chini ya dola ya Uthmaniya, na tangu mwaka 1876 Sultani alikuwa Abdulhamid wa pili. Magazeti yalikaguliwa, majasusi walikuwa wengi, na mtu aliuchunga ulimi wake hata mbele ya jirani yake.

Mwaka 1877 Sayyid Abdulrahman alitoa gazeti lake, Al-Shahbaa, akafichua humo makosa ya wakubwa. Halikudumu, liwali wa mji akalifunga. Mwaka 1879 akatoa la pili, Al-I'tidal, nalo likafungwa. Alipozuiliwa kalamu ya gazeti, akashika kalamu ya mashtaka: akafungua afisi, akawa akiwaandikia wanyonge malalamiko yao, mpaka watu wakamwita Baba wa Wanyonge. Alipewa pia kazi za serikali, lakini cheo hakikumfunga mdomo. Kwa hayo alitiwa gerezani, akapata khasara kubwa ya mali, na akasingiziwa kuwa ataka kuutoa mji kwa dola ya kigeni, akahukumiwa kufa. Akaomba kesi yake isikizwe mji mwengine. Ikasikizwa Beirut, akaonekana hana hatia.

Mwaka 1899 alihamia Misri, na huko ndiko vilikoenea vitabu vyake viwili. Cha kwanza ni Ummul-Qura. Ndani yake amepiga mfano wa mkutano uliofanyika Makka, wamehudhuria wajumbe wa nchi za Kiislamu, kila mmoja akieleza kwa nini Waislamu wamepatwa na ulegevu. Wako waliotaja ujinga, wako waliotaja watawala, wako waliotaja wanavyuoni wanaonyamaza, na wako waliotaja kufuata mambo bila ya kuyajua dalili zake. Tazama namna alivyofanya: hakuanza kwa kutoa amri, alianza kwa kuuliza maradhi ni nini.

Kitabu cha pili, Tabai'ul-Istibdad, kinaeleza tabia za udhalimu na namna unavyoharibu dini, ilimu, mali na malezi. Humo anamfananisha mtawala dhalimu na wasii mkhaini aliyewekwa juu ya mayatima wenye mali: faida yake ni mayatima wale wasibaleghe. Ndiyo maana dhalimu haiogopi kila ilimu. Huiogopa ile inayomjuvya mtu haki yake. Tena akaonyesha kuwa nguvu za dhalimu zinatoka kwa watu wenyewe wanaoogopa: ni mikono yao inayopiga na ni mali yao inayoliwa. Wala hakuwaambia watu wakurupuke na silaha. Aliona kuwa udhalimu huondolewa kwa upole na kwa daraja, na kwamba ni lazima kwanza kujua nini kitawekwa mahali pake, ama sivyo atatoka dhalimu mmoja aingie mwengine.

Alifariki Cairo mwaka 1902, ghafla, na wengi waliamini kuwa alitiliwa sumu. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Miaka saba baadaye, mwaka 1909, Abdulhamid naye aliondolewa katika kiti chake.

Si kila alilosema ni la kukubaliwa. Rai yake kwamba ukhalifa urudi kwa Waarabu ilipingwa na wengi, na mwenye kuipinga kwa dalili hakumkosea adabu. Mtu aliyeukataa ufuasi wa upofu haheshimiwi kwa kufuatwa kwa upofu.

Na fikra zake hazikukaa Misri tu. Ummul-Qura kilichapishwa katika Al-Manar, jarida la Sheikh Rashid Rida, na jarida hilo lilisomwa mpaka pwani yetu. Miongoni mwa waliolisoma ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwaamsha watu wake kwa lugha yao.

Ndugu msomaji, hatuna haja ya kumtafuta Abdulhamid mbali. Mtoto chuoni akiuliza sababu, huambiwa hana adabu. Mzee barazani akiulizwa dalili, hujibu kuwa ndivyo tulivyowakuta wazee wetu. Mali ya wakfu ikipotea, tunanong'ona njiani, na mbele ya msimamizi tunatabasamu. Hakuna aliyetufunga kwa mnyororo. Tumejifunga wenyewe kwa haya na uvivu, kisha tunalaumu zamani. Mwenyezi Mungu amempa kila mmoja wetu akili, naye ataulizwa juu yake peke yake, wala hatajibiwa na jirani wala na sheikh wake. Yatima aliyebaleghe na asidai mali yake, amlaumu nani?

Mwenyezi Mungu amrehemu Sayyid Abdulrahman, na atuamshe sisi kabla ya kuamshwa na mauti. Amin.