Kardinali Hugo wa Saint-Cher: Mhubiri Aliyewaonesha Wengine Njia ya Kulifikia Neno



Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia niliyokuwa nikihudumu, alifika ofisini binti mmoja aliyekuwa akijiandaa kufunga ndoa. Alihitaji cheti cha ubatizo. Alilijua kanisa alikobatizwa na alimkumbuka mama yake wa ubatizo, lakini hakujua mwaka wala namba yake katika daftari. Tulifungua kurasa za mwisho, zile zinazotengwa kwa ajili ya faharasa ya majina, tukazikuta tupu. Ndugu aliyeandika daftari lile aliandika kila ubatizo kwa uaminifu, ila hakuyapanga majina. Tukapekua ukurasa kwa ukurasa kwa siku mbili, huku matangazo ya ndoa yakisubiri na wazazi wa pande zote mbili wakianza kuulizana maswali. Siku ya tatu tulimpata, jina lake likiwa limeandikwa kwa tahajia tofauti na ile aliyoizoea. Jina lilikuwamo muda wote. Kilichokosekana ni njia ya kulifikia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimkumbuka kwa shukrani mtu mmoja wa karne ya 13, ambaye waamini wengi hawalijui jina lake ingawa wengi hunufaika na kazi yake. Huyo ni Hugo wa Saint-Cher, Mdominikani, mwalimu wa Maandiko Matakatifu na Kardinali wa Kanisa, aliyesimamia utungaji wa itifaki kamili ya kwanza ya maneno ya Biblia ya Kilatini.

Kutoka Vienne hadi Paris

Hugo alizaliwa karibu na mwisho wa karne ya 12 huko Saint-Cher, jirani na mji wa Vienne, kusini-mashariki mwa Ufaransa ya leo. Alipokuwa kijana alikwenda Paris, mji uliokuwa ukivuta wanafunzi kutoka kila pembe ya Ulaya. Huko alisoma falsafa, teolojia na sheria, kisha akawa mwalimu. Mbele yake kulikuwa na maisha ya heshima na kipato kizuri.

Mwaka 1225 aliyaacha hayo yote akajiunga na Shirika la Wahubiri, yaani Wadominikani, katika konventi ya Saint-Jacques mjini Paris. Shirika lilikuwa bado changa. Lilikuwa limethibitishwa na Papa Honori III mwaka 1216, na mwanzilishi wake, Mtakatifu Dominiko, alikuwa amefariki dunia mwaka 1221. Wakubwa wake walitambua mapema vipaji vyake: mwaka 1227 alifanywa Mkuu wa Kanda ya Ufaransa, na mwaka 1230 akawa mwalimu wa teolojia katika Chuo Kikuu cha Paris. Baadaye alikuwa pia Priori wa Saint-Jacques.

Shida ya mhubiri asafiriye

Ili tuielewe kazi ya Hugo, yafaa tuikumbuke hali ya Biblia wakati ule. Kila nakala iliandikwa kwa mkono juu ya ngozi. Mgawanyo wa sura tunaoutumia leo ulikuwa ndiyo kwanza unaenea. Kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya Stephen Langton, aliyefundisha Paris kabla ya kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Aya zenye namba tunazozitumia leo hazikuwapo. Zilikuja katika karne ya 16 kwa mkono wa mchapishaji Robert Estienne.

Mmonaki aliyekaa mahali pamoja maisha yake yote aliweza kuyatafuna Maandiko polepole, mwaka baada ya mwaka, hata kumbukumbu yake ikawa maktaba. Ndugu Mhubiri alikuwa na mazingira mengine. Leo alikuwa darasani, kesho njiani, keshokutwa sokoni mbele ya watu wenye maswali na mbele ya wazushi wenye hoja. Aliitwa kuhubiri kuhusu toba, au kuhusu mkate, au kuhusu mchungaji, naye alihitaji kujua Maandiko yanalitumia wapi neno hilo, kuanzia kitabu cha Mwanzo hadi Ufunuo. Muda wake ulikuwa mfupi, na roho za watu zilimsubiri.

Kazi ya mikono mingi

Katika miaka ya 1230, chini ya uongozi wa Hugo, ndugu wa Saint-Jacques walianza kuikusanya Biblia nzima neno kwa neno. Mapokeo ya baadaye yalisema kwamba walioshiriki walifika 500. Idadi hiyo yaweza kuwa imekuzwa, lakini hakuna shaka kwamba walikuwa wengi: mabaki ya rasimu zao, yaliyotumiwa baadaye kufungia vitabu vingine, yanaonesha miandiko ya watu mbalimbali, kila mmoja akiwa na fungu lake la alfabeti. Kabla ya mwaka 1240 kazi ilikuwa imekamilika. Maneno zaidi ya 10,000 yalipangwa kwa alfabeti, na chini yake yakawekwa marejeo zaidi ya 100,000.

Walipaswa kwanza kuamua namna ya kumwelekeza msomaji. Namba za kurasa zisingefaa kitu, kwa maana hapakuwa na nakala mbili za Biblia zenye kurasa zinazolingana. Wakachukua sura, kisha wakaigawa kila sura kwa makadirio katika sehemu saba, wakazipa herufi kuanzia A hadi G. Herufi A ilimpeleka msomaji mwanzoni mwa sura, D katikati na G mwishoni. Kwa njia hiyo itifaki moja iliweza kutumika na Biblia yoyote, iwe kubwa ya maktaba au ndogo ya mfukoni, pasipo kuandika chochote juu yake.

Walipaswa pia kuamua maneno yapi yaingie. Viunganishi na vihusishi waliviacha karibu vyote, wakiona kwamba vingeujaza mkoba wa mhubiri bila kumsaidia. Katika karne ya 15 Mdominikani mwingine, John wa Ragusa, alilazimika kusimamia nyongeza ya maneno hayo madogo, baada ya kuona kwamba mabishano juu ya imani huweza kusimama au kuanguka kwa kihusishi kimoja.

Palikuwa na jambo la tatu, ambalo sisi tunaotumia Kiswahili tunalielewa vizuri. Neno moja huwa na sura nyingi. Anayetafuta habari za upendo atakutana na wanampenda, tulipendwa, mpendwa na kupendana. Mtunga faharasa asipoukumbuka mzizi, atayatawanya maneno ya ukoo mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho wa alfabeti. Kilatini nacho hubadili miisho ya maneno, na ndugu wale walipaswa kulirudisha kila neno nyumbani kwake. Kazi hiyo huhitaji mtu anayeijua lugha na aliye na subira.

Neno la kwanza kabisa katika itifaki yao lilikuwa kile kilio cha herufi moja inayorudiwa mara tatu katika Biblia ya Kilatini, A, a, a. Rejeo lake la kwanza humpeleka msomaji katika sura ya kwanza ya Nabii Yeremia, sehemu C, pale nabii kijana anapomlalamikia Mungu kwamba hajui kusema. Alfabeti ndiyo iliyoliweka neno hilo mahali pale. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kukaa usiku wa Jumamosi mbele ya karatasi tupu, homilia ya kesho ikiwa haijaanza, ataelewa kwa nini napenda kwamba chombo hiki cha wahubiri huanza na mtu asiyeweza kusema.

Upungufu uliokubali kurekebishwa

Itifaki ya Hugo haikuwa kamilifu. Ilionesha mahali tu, bila kutaja maneno yanayolizunguka neno linalotafutwa. Mtu aliyetafuta neno lenye marejeo mamia alilazimika kufungua Biblia mamia ya mara. Ndugu kutoka Uingereza waliokuwa Saint-Jacques walijaribu kuiponya kasoro hiyo kwa kunukuu sentensi nzima chini ya kila neno; kazi yao ikawa nene mno, ngumu kunakili na ngumu kubeba. Mwishoni mwa karne hiyo ikatokea itifaki ya tatu, iliyoweka maneno machache tu ya kumtambulisha msomaji mahali, nayo ikaenea Ulaya nzima. Itifaki zetu za leo bado zinafuata mfano huo.

Hugo mwenyewe alizoea kazi zinazosahihishwa na wengine. Aliandika ufafanuzi wa Biblia nzima, tena alisimamia orodha ya masahihisho ya matini ya Kilatini, ambayo nakala zake zilikuwa zimejaa makosa ya wanakili. Masahihisho hayo hayakumridhisha kila mtu. Mfransiskani Roger Bacon aliyakosoa kwa ukali. Lakini kazi iliendelea, kwa sababu ilikuwa mali ya Kanisa na haikutegemea sifa ya mtu mmoja.

Kardinali na Sikukuu ya Ekaristi

Mwaka 1244 Papa Inosenti IV alimteua Hugo kuwa Kardinali, Mdominikani wa kwanza kupewa wajibu huo, akamkabidhi Kanisa la Mtakatifu Sabina mjini Roma. Alishiriki Mtaguso wa Lyon wa mwaka 1245. Mwaka 1247 alikuwa mmoja wa wawili waliopewa kazi ya kurekebisha Kanuni ya Wakarmeli, ili waweze kuishi na kufanya utume mijini.

Alipokuwa mjumbe wa Papa huko Ujerumani na nchi jirani, aliunga mkono ibada iliyokuwa imeanzia Liège kutokana na maono ya Mtakatifu Yuliana, yaani Sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Wengi waliipinga. Hugo aliiadhimisha mwenyewe Liège mwaka 1251, na mwaka uliofuata akaagiza iadhimishwe katika eneo lote la ujumbe wake. Alifariki dunia Orvieto tarehe 19 Machi 1263. Mwaka 1264, katika mji uleule, Papa Urbano IV aliieneza sikukuu hiyo kwa Kanisa lote. Hugo hakuiona siku hiyo.

Faharasa na usomaji

Je, chombo kama hiki hakiwezi kuwafanya watu wavivu? Swali hili ni la haki. Anayeijua Biblia kwa njia ya itifaki pekee huokota aya huku na huku kama kuku anavyodonoa punje, kisha huzipanga zimuunge mkono katika jambo alilokwisha kuliamua. Sisi wahubiri tumeanguka mara nyingi katika kosa hili, na siku hizi simu imeturahisishia zaidi, kwani huleta kila aya yenye neno tunaloandika.

Tena neno si wazo. Mtu akitafuta msamaha kwa kufuata neno lenyewe, hatafikishwa kwenye mfano wa Mwana Mpotevu katika Injili ya Luka, kwa sababu katika simulizi lile hakuna anayelitamka; kuna baba anayekimbia, anayekumbatia, anayevika pete. Ili mfano huo uingie chini ya neno msamaha, lazima mtu mwenye akili na moyo awe amekisoma kitabu na kukielewa. Katika karne ileile ya Hugo, Robert Grosseteste, aliyekuwa Askofu wa Lincoln huko Uingereza, alijitungia faharasa ya namna hiyo, akiyapanga mambo aliyoyasoma katika Biblia na kwa Mababa wa Kanisa kwa kufuata mada. Faharasa nzuri ya kitabu hadi leo huunganisha njia hizi mbili: hufuata maneno yaliyoandikwa na hutambua mawazo yaliyomo.

Kwa hiyo mtunga faharasa wa kweli ni msomaji mkamilifu kuliko wengine. Amesoma hadi mwisho ili mwingine mwenye haraka afike anapohitaji kufika. Hujiuliza mgeni atatafuta kwa neno gani, wala hajiulizi yeye angetafuta kwa neno gani. Huo ni upendo wa jirani unaotendwa kwa kalamu, na mara nyingi hakuna anayeuliza jina la aliyeutenda. Majina ya wengi wa wale ndugu wa Saint-Jacques hatuyajui.

Tujifunze nini?

Wapendwa, tunao vijana waliosoma, wenye mwandiko mzuri na wanaoweza kutumia kompyuta. Tunazo parokia zenye madaftari ya ubatizo, ndoa na vifo ambayo kurasa zake za mwisho hazijaguswa. Nyuma ya kila jina yupo mtu ambaye siku moja atabisha hodi ofisini, akitaka kufunga ndoa, kuingia seminari au utawani, au kumzika mzazi wake kwa heshima. Sheria ya Kanisa inatuagiza kuyaandika na kuyatunza madaftari haya kwa uangalifu. Upendo unatusukuma tuwawezeshe watu kujipata humo. Jumuiya moja ikijitolea Jumamosi chache, chini ya usimamizi wa paroko, yaweza kuikamilisha kazi ambayo itawasaidia watu kwa miaka mingi.

Na tunapoifungua Biblia kwa msaada wa itifaki, tusiishie kwenye aya iliyotajwa. Tusome sura nzima, kama Hugo alivyotarajia alipoweka herufi moja tu na kutuachia kutafuta wenyewe.

Mwenyezi Mungu ampumzishe kwa amani Kardinali Hugo na ndugu zake wote, naye atujalie uaminifu katika kazi zisizoonekana. Amina.