Giulio Natta, Mtu Aliyeupanga Mnyororo

Kiti cha plastiki pale kantini, salfeti ya mahindi inayotoka nyumbani, kamba ya kuanikia nguo hosteli: vingi kati ya hivi ni polipropilini. Anayetajwa kuigundua ni Giulio Natta, na maisha yake yana mengi kuliko mstari mmoja anaopewa kwenye notsi zetu za kemia.

Natta alizaliwa mwaka 1903 huko Imperia, Italia. Akiwa na miaka 21 tu alishahitimu uhandisi wa kemikali katika Politecnico ya Milano. Mwaka 1938 alirudi hapo kama profesa, akashika nafasi ya Mario Giacomo Levi, aliyeondolewa kwa sababu ya sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Hili nalo ni sehemu ya historia yake, tusiliruke.

Mwaka 1952 alimsikiliza Mjerumani Karl Ziegler akitoa mhadhara. Natta akaishawishi kampuni ya Montecatini ishirikiane naye, na vijana wa Kiitaliano wakapelekwa Ujerumani kujifunza kwenye maabara yake. Mwishoni mwa 1953 Ziegler akapata kichocheo cha titani na alumini kinachounganisha ethilini kuwa minyororo mirefu bila shinikizo kubwa. Ethilini ndiyo alkeni ndogo kuliko zote. Natta akajiuliza: na zile kubwa zaidi je? Machi 1954 maabara yake ikajaribu propilini, ikafanikiwa.

Sasa, utamu wenyewe uko hapa. Kila propilini inapoingia kwenye mnyororo huacha kitawi cha kaboni kikining'inia pembeni. Fikiria foleni ya wanafunzi wenye mabegi. Kila mtu akibeba bega analotaka, watasukumana tu na foleni haitakaa sawa. Wote wakibeba bega la kulia, wanasogeleana vizuri. Vitawi vikikaa ovyo unapata kitu laini cha kunata. Vikikaa upande mmoja unapata plastiki ngumu inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi. Molekuli ni zilezile, kilichobadilika ni mpangilio. Natta aliuthibitisha kwa eksirei, na alipanga vilevile alkeni kubwa zaidi kama byutini.

Na majina ya mipangilio hiyo, kama isotaktiki, aliyatunga nani? Mkewe, Rosita Beati, msomi wa fasihi, akitumia mizizi ya Kigiriki. Kwa hiyo wale wanaosema mtu wa lugha hana kazi kwenye sayansi, waambieni habari za mama huyu.

Lakini Ziegler alichukia. Aliona mwenzake amemtangulia kwa kutumia kichocheo chake mwenyewe, na urafiki wao ukapoa kwa miaka. Vitabu vinaandika Ziegler-Natta kama vile ni mapacha, kumbe kile kistari kinaunganisha watu waliokuwa hawaelewani. Mwaka 1963 waligawana Tuzo ya Nobeli. Natta, Mwitaliano wa kwanza kuipata katika kemia, alifika Stockholm akiwa tayari anaumwa ugonjwa wa Parkinson, akihitaji msaada ili atembee.

Kuna jambo hakulimaliza. Mwaka 1957 alijaribu metaloseni, yaani kichocheo ambacho chuma chake, hapa titani, kimebanwa katikati ya pete mbili za kaboni. Kiliunganisha ethilini polepole mno, na propilini hakikuiweza. Miaka ya 1970, huko Hamburg, Hansjörg Sinn na Walter Kaminsky waligundua kuwa maji kidogo yakikutana na kiambata cha alumini, metaloseni inachangamka ajabu. Miaka ya 1980, metaloseni zilizobuniwa na Hans Brintzinger zikaanza kuvipanga vitawi vya propilini upande mmoja. Kemia ikaweza kuchagua mpangilio kwa kuchonga umbo la kichocheo chenyewe.

Natta hakuyaona hayo ya mwisho. Alifariki mwaka 1979. Sisi tunaosomea ualimu tutalifundisha jina lake kwa miaka mingi. Tukilitaja, tuwataje na wengine: Levi aliyefukuzwa, Ziegler aliyekasirika, Rosita aliyetunga majina, na wale vijana wa maabara. Mwanafunzi akidhani ugunduzi ni kazi ya mtu mmoja mwenye akili za pekee, atakaa pembeni akisubiri azaliwe mwingine. Akijua ni mnyororo, huenda akatafuta mahali pake pa kushika.