Shaaban Robert: Karani Aliyeitawala Hasira Yake

Marehemu Shaaban Robert hufahamika zaidi kama malenga na mwandishi wa riwaya. Aghalabu husahaulika kwamba kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na kwamba maandishi yake mengi yalizaliwa katika maisha hayo ya ofisini.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa katika Idara ya Forodha alikodumu hadi 1944. Baadaye alihamishiwa Idara ya Wanyama, akarejea Tanga mwaka 1946 kufanya kazi katika ofisi ya utawala, na kuanzia 1952 akahudumu katika Idara ya Upimaji Ardhi. Kila uhamisho ulimdai ajifunze kazi ngeni na kuzoea wakuu wapya.

Isitoshe, ajira ya wakati huo ilipimwa kwa rangi ya ngozi. Mwafrika, hata angekuwa hodari namna gani, aliwekewa mpaka wa cheo na mshahara. Karani aliyelipuka kwa hasira angepoteza riziki. Aliyenyamaza kabisa angeliwa na uchungu moyoni. Shaaban Robert alifuata njia ya tatu: alitimiza wajibu wake, na uchungu akaukabidhi kalamu.

Mfano bora ni Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951 angali mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Mhusika wake Karama anashtakiwa mbele ya baraza lenye uadui. Hatukani wala hatetemeki. Anajitetea kwa hoja siku baada ya siku, hadi anaachiliwa huru pamoja na wajumbe waliofungwa kwa dhuluma. Ni dhahiri kwamba utulivu wa Karama si woga, bali ni silaha yake.

Mwandishi huyu alionja pia msiba mzito alipofiwa na mkewe Amina. Alimlilia kwa shairi, kisha akaendelea kulea, kufanya kazi na kuwatungia wanawe tenzi za mawaidha. Hakuificha huzuni yake, wala hakuiruhusu imwondoe katika wajibu.

Wataalamu wa siku hizi huziita sifa hizi akili ya hisia, wepesi wa kukabili mabadiliko na mtazamo wa matumaini. Kwa Shaaban Robert, matumaini hayakuwa kujidanganya kwamba dhuluma haipo, bali kuamini kuwa ina mwisho. Alifariki dunia Juni 1962, miezi sita tu baada ya Tanganyika kupata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Aliuona mwanzo wa mapambazuko aliyoyangojea akiwa mezani pake, kalamu mkononi.